Ada ya Zamu Katika Baa za Mwanza



Mtu anayekusudia kuwazungukia masahibu zake katika baa za Kirumba, kabla hajaulizia siku ya mshahara, na aitazame mbingu. Mshahara wa watumishi una nguvu yake, na kila mwisho wa mwezi viti huwa haba katika mitaa yote ya Mwanza; lakini katika ukanda wa ufukweni, toka Mwaloni hadi Igombe, mtawala wa starehe ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa gizani. Wavuvi hutoka jua likizama, wakaziwasha taa zao juu ya maji, zamani karabai za mafuta na leo aghalabu taa za betri na za nguvu ya jua, na dagaa hukusanyika chini ya mwanga mpaka wavu uwazingire. Basi mbalamwezi inapotanda ziwa zima, taa ya mvuvi hupoteza mvuto wake, na kwa siku kadhaa za mwezi mpevu mitumbwi huvutwa mchangani, nyavu zilizochanika hushonwa, hesabu hufungwa, mwenye chombo hutoa kwanza gharama zake za mafuta na za taa, na kinachobaki hugawanywa kwa waliokesha. Vijana ambao kwa majuma mazima hawakuwa na fedha mkononi wala usiku wa kulala, huvipata vyote viwili kwa pamoja. Na usiku wenyewe, mara nyingi, hawaulali.

Mwezi mpya ukiandama mambo hugeuka. Mvuvi yuko ziwani, na siku hizo hutoka majini wadudu wadogo wasiouma, wakainuka kwa wingi usiohesabika, wakaonekana kwa mbali kama moshi wa moto uliowashwa katikati ya ziwa, kisha upepo ukawasukuma hadi kwenye taa za mitaa. Hapo ndipo mgeni atakapoifahamu ada moja ya wahudumu wetu ambayo pengine ameiona bila kuitilia maanani. Mhudumu huja na chupa mkononi na kifungulio kikining'inia, akauliza, “Baridi au moto?”, na ya moto maana yake ni ile iliyokaa katika kreti pasipo kuguswa na friji, ambayo wazee wengi wa Kanda ya Ziwa huipenda kuliko nyingine, akaifungua mbele ya macho ya mnywaji, kwa kuwa chupa iliyofunguliwa kaunta haina dhamana, kisha kile kizibo hakitupi, bali hukirejesha juu ya mdomo wa chupa na kukiacha kimelala pale, mdudu asiingie. Mnywaji hukiinua, hunywa, hukirudisha. Nimewaona watu waliohama Mwanza miaka mingi wakikirudisha kizibo hivyo hivyo katika miji isiyo na ziwa wala wadudu.

Nia yangu jioni hii, wasikilizaji, ni kuzungumza juu ya desturi ya marafiki kutoka baa moja kwenda nyingine kwa usiku mmoja, desturi ambayo wahubiri wengi wameilaumu na wanywaji wengi wameisifu, na kwa dhana yangu pande zote mbili hazijaitazama vya kutosha. Wanaolaumu hutazama chupa, na wanaosifu hutazama chupa vile vile. Mimi naomba tuitazame zamu: ile kanuni isiyoandikwa ambayo kwayo kila aliye mezani hununulia meza nzima, mmoja baada ya mwingine, mpaka duru itimie. Humo ndimo ilimo fadhila ya mambo haya, na humo humo ndimo ilimo hatari yake.

Kundi letu si la watu wa cheo. Yumo mwalimu wa sekondari, yumo fundi wa injini za mitumbwi, yumo karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, yumo mwenzetu mmoja anayekaa Sengerema, na yumo Mwislamu mwenye kuishika dini yake ambaye tangu tumjue hajaonja kileo na hatukupata kumtaka aonje. Hukutana karibu na kivuko cha Kamanga yapata saa 12 jioni, wakati jua limeinama nyuma ya maji na lile jiwe la Bismarck, lililobaki na jina la Mjerumani tangu zama za utawala wake, linakuwa jeusi kabisa, na watu waliotoka sokoni wanaharakisha kupanda chombo cha mwisho wanachokiamini. Zamani huyu wa Sengerema alikuwa wa kwanza kuinuka mezani, saa akiitazama kila mara, kwa kuwa aliyekosa chombo aliikosa nyumba. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi juu ya Ghuba ya Mwanza, barabara haimfungii tena usiku, naye huondoka garini mwa jirani yake asiyekunywa. Wakubwa walipolihesabu daraja lile walihesabu mizigo na magari, na ilikuwa haki yao. Mimi kwa upande wangu nahesabu pia saa za mazungumzo lililomrudishia mtu huyu.

Kituo cha kwanza huwa grosari. Msikilizaji wa mbali asidhani nasema duka la unga na sukari. Grosari kwetu ni kibaraza chenye friji moja, kaunta yenye nondo, viti vya plastiki vilivyopangwa chini ya mwembe, na mwenye mali ambaye huwajua wateja wake kwa majina ya watoto wao. Hapo huagizwa moja tu, ya kuondoa vumbi la kazi, na habari zinazosimuliwa ni za siku hiyo hiyo: nani amelazwa Bugando, bei ya dagaa Mwaloni imepanda au imeshuka, mwanafunzi gani amerudishwa kwa ajili ya michango. Mzee akipita barabarani husalimiwa kwa Kisukuma, “Mwadila!”, naye huitikia bila kupunguza mwendo, na kijana akipita huitwa akaribie, akapewa soda. Mahali hapa muziki huwa wa redio na sauti yake ni ya kadiri, jambo ambalo nalitamani kwa baa zote, maana zimezuka siku hizi nyumba za starehe zenye maspika marefu kuliko milango, ambamo marafiki waliokaa goti kwa goti hulazimika kuandikiana ujumbe wa simu ili kusikilizana. Nyumba ya namna hiyo sisi huipita.

Kituo cha pili, aghalabu Kitangiri, huchaguliwa kwa jiko. Huko nyama ya mbuzi huchomwa hadharani na mteja huchagua kipande chake kikingali kinaning'inia. Na mwenye kutaka samaki huchagua sato, akapasuliwa mbavuni kwa mistari ili chumvi na ndimu zipenye, akaletwa na ndizi au ugali. Kabla ya chakula huja binti na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, akamiminia mikono ya kila mmoja kwa zamu akianzia kwa mkubwa wa umri. Na hapo mezani hakuna daraja tena, kwa kuwa karani na fundi wananyoosha mikono juu ya beseni moja. Nyama hukatwakatwa juu ya ubao, chumvi kwenye pembe moja, pilipili kwenye pembe ya pili, kachumbari katikati.

Kituo cha tatu hutegemea mpira. Tangu timu yetu ya Pamba ilipopanda tena Ligi Kuu mwaka 2024, baada ya kukaa nje ya ligi hiyo kwa zaidi ya miaka 20, mtu wa Mwanza ana sababu ya kuitazama televisheni ya baa kwa moyo wake mwenyewe, asiwe tena shahidi tu wa ugomvi wa Simba na Yanga.

Sasa nirejee kwenye zamu. Mtu akikaa nasi atasikia, duru inapokwisha, sauti ya mmoja wetu ikimwambia mhudumu, “Dada, tuletee kama tulivyo,” na mhudumu, pasipo kuandika, huleta kwa kila mtu kile alichokuwa nacho, mwenye Balimi Balimi yake, mwenye Safari Safari yake, mwenye soda soda yake. Maneno hayo manne yana mambo mengi ndani yake. Msemaji amejitwika gharama ya wote, hajauliza bei, hajabagua kinywaji cha ghali na cha rahisi, na ameitangaza zamu yake bila kujigamba. Naam, fedha za watu hawa haziji kwa wakati mmoja. Msimu wa kununua pamba ukifunguliwa katikati ya mwaka, karani wetu hupata saa za ziada na meza humwegemea yeye; ifikapo Januari, wakati wa ada na sare za shule, karani hukaa kimya na fundi wa injini, ambaye mitumbwi haimpi likizo, humbeba. Hakuna daftari. Hakuna aliyepata kumwambia mwenzake, unanidai au nakudai. Lakini kila mmoja anajua, na kujua huko ndiko kunakowafanya warudi kukutana, kwa kuwa mwenye deni la heshima hawezi kupotea.

Wala si ajabu desturi hii kushika mizizi katika nchi ya Wasukuma. Hawa ni watu ambao tangu kale walilima kwa vikundi, jembe na ngoma vikienda pamoja, na pombe ya mwenye shamba ikiwasubiri wakulima mwishoni mwa mtaro; ndio waliogawanyika kuwa pande mbili za ngoma, Bagika na Bagalu, wakashindana mpaka leo, kama aonavyo yeyote anayehudhuria sikukuu ya Bulabo huko Bujora; na ndio ambao mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, waliunganisha vyama vyao vya wakulima wa pamba katika shirikisho la Victoria, ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika barani. Watu waliojua kuuza pamba yao kwa sauti moja hawakushindwa kununua bia kwa zamu.

Na bia yenyewe waliipata kwa kuchelewa. Chini ya serikali ya Waingereza, bia ya chupa haikuwa halali ya Mwafrika mpaka miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, na vileo vikali vilichelewa zaidi hata ya hapo. Yeye alitengewa kilabu cha pombe ya kienyeji, chenye leseni na saa zake na jicho la askari mlangoni. Kwa hiyo mzee aliyekaa hadharani katika miaka ya uhuru na chupa yake mezani, amevaa koti, miguu ameikunja, hakuwa amejisahau. Alikuwa akiitumia haki aliyonyimwa. Kisha ikaja miaka ya uhaba, baada ya vita vya Kagera, ambapo bia iliuzwa kwa kujuana na kreti tupu lilikuwa mali ya kufungiwa chumbani. Rafiki wanne waliweza kugawana chupa moja kwa bilauri ndogo, na wenye kuikumbuka miaka ile huniambia kwamba mazungumzo yake hayakuwa mafupi hata kidogo.

Lakini zamu ya leo haitosheki na chupa moja, na hapo ndipo kasoro yake inapodhihirika, nami sitaificha. Wakikaa watu sita na kila mmoja akashika zamu yake kwa uaminifu, basi kila mmoja atawekewa chupa sita, hata yule aliyetoka nyumbani na nia ya mbili. Akikataa ya nne, ataonekana ameikataa zamu ya mwenzake. Akiondoka mapema, ataonekana amekunywa vya watu bila kulipa chake. Na ambaye mfukoni ana fedha ya unga wa nyumbani kwake hujikuta akiitoa hiyo hiyo, si kwa ulevi, kwa haya. Nimeona fadhila hii ya kubebana ikigeuka kuwa shuruti, na ninasema kwa moyo wote kwamba nyumba nyingi zimeumizwa na shuruti hiyo kuliko zilivyoumizwa na kiu. Hata serikali ilipopiga marufuku viroba, vile vifuko vidogo vya pombe kali, tarehe 1 Machi 2017, ilitibu tatizo la mtu anayekunywa peke yake kwa haraka na kwa bei ndogo. Tatizo la meza ya marafiki haliwezi kutibiwa kwa amri, litatibiwa na marafiki wenyewe.

Mwalimu wa tiba hiyo kwetu amekuwa yule mwenzetu asiyekunywa. Yeye hununua zamu yake kamili, na zamu ya mwenzake ikimfikia hupokea soda ya tangawizi, akaihesabu sawa na bia ya mtu mwingine. Na akishiba soda husema, “Yangu aiweke dada, atakunywa akimaliza kazi,” na hakuna aliyeona amevunjiwa heshima. Polepole tukajifunza kwake. Siku hizi karani akiwa ametosheka huagiza maji, na zamu inahesabika. Mwalimu akiwa na kipindi cha asubuhi hununua duru ya kwanza kabisa, akaaga saa 2 usiku, nasi tukamsindikiza mpaka kituo cha daladala. Kilichotuunganisha kimebaki pale pale, tena kimezidi, maana sasa hata mwenye dawa za presha na mwenye mke aliyejifungua juzi anaweza kuja kukaa nasi.

Nimemtaja dada anayehudumu, na juu yake nina maneno ambayo nisingependa yapite haraka. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper, mtu wa Austria, iitwayo Darwin's Nightmare, iliyoonesha ulimwengu wote ndege zikipakia minofu ya sangara katika uwanja wa Mwanza, na wananchi wakibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa vya samaki, na wanawake wa baa wakikaa na marubani wa kigeni. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na mjadala wa wakati ule ulikuwa mkali. Sitaufufua wote. Umaskini ulioonekana mle ulikuwepo, na mapanki niliyaona kwa macho yangu yakianikwa juani. Lakini mhudumu wa baa alitolewa katika picha ile kama mtu wa kuhurumiwa tu, na katika vinywa vya wengi wetu hutolewa kama mtu wa kudharauliwa tu, na pande zote mbili zimemkosea. Huyu ni mfanyakazi. Husimama tangu saa 10 jioni hadi baada ya saa 5 usiku, hukumbuka kichwani vinywaji vya meza kumi, hujumlisha hesabu ambayo ikipungua hukatwa katika ujira wake, huvumilia mkono wa mlevi na ulimi wake, na asubuhi huwaandaa watoto kwenda shule.

Fauka ya hayo, elimu ya tiba duniani ina deni kwa watu wa mkoa huu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika jamii 12 za mkoa wa Mwanza, ulifanywa uchunguzi wa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati na vituo vya afya vya kawaida, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1995 yalionesha kwamba maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yalipungua kwa takribani asilimia 40. Katika miaka iliyofuata, wanawake wanaofanya kazi katika baa, migahawa na nyumba za wageni za Mwanza walikubali, kwa ridhaa yao, kufuatwa na watafiti, kupimwa na kuhojiwa mara kwa mara, ili ijulikane ni kinga ipi ifaayo na ipi isiyofaa. Dada aliyekuinamia kukufungulia chupa pengine ni mmoja wa walioifundisha dunia, nawe unampigia mluzi.

Kwa hiyo katika kundi letu pana sharti. Mhudumu huitwa dada, au kwa mzee mwenye umri, mwanangu, au ng'wanawane kama mzee ni Msukuma. Haitwi kwa mluzi wala kwa kugonga chupa. Hesabu hulipwa kila duru, isije ikampotea. Na tunapoinuka, anayeshika zamu ya mwisho humwachia kitu chake mwenyewe, mkononi mwake, si kaunta.

Limebaki jambo moja ambalo liko nje ya uwezo wa wateja. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 imepanga saa za kufungua na za kufunga, na askari huzisimamia; lakini sheria inapomtoa mnywaji ndani ya baa, humtoa na mhudumu vile vile, saa ambayo daladala zimekwisha, akapanda miamba ya Mabatini au ya Igogo kwa miguu, peke yake, katika vichochoro visivyo na taa, na mauzo ya usiku amekwisha kuyakabidhi kwa mwenye mali aliyeondoka na gari. Wenye baa wa Kirumba, wa Kitangiri na wa Pasiansi ni majirani, na baa zao hufungwa kwa saa ile ile. Bajaji mbili au tatu zilizokodiwa kwa mwezi, zikachangiwa na wote, kila mmoja kwa kadiri ya mauzo yake, zingetosha kuwafikisha wasichana wote hao milangoni mwao. Na dereva wa bajaji huwa tayari yupo pale nje, anasubiri. Naliomba jambo hili kwa wenye baa wanaonisikiliza, na kwa wateja wao naomba kwamba kesho, kabla ya duru ya kwanza, walitaje kaunta.